Fahali Kwenye Fomu ya Msamaha

Viatu vyangu vya kanisani ndivyo vilivyojua kwanza. Ilikuwa wakati wa palizi, mahindi yakiwa yamefika magotini, na Jumapili hiyo mguu wa kulia ukagoma kuingia. Nilidhani binti yangu Doris ameviacha nje vikanyeshewa, vikakauka na kusinyaa. Nikamgombeza bure. Juma lililofuata macho nayo yakawa yanavimba kila asubuhi, kisha tumbo, mpaka mama mkwe wangu, Kukhu Khasandi, akanikazia macho jikoni.

"Mama Doris, hapo ndani kuna mtu?"

"Hakuna, Mama."

"Basi hiyo maji inatokanga wapi?"

 Zahanati walinipa dawa ya malaria, kisha ya minyoo, kisha wakasema niende mjini.

Naandika haya kwa ajili ya mtu mmoja: yule aliyekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya ustawi wa jamii, barua ya mzee wa kijiji mkononi, akijiuliza kama atahesabiwa maskini wa kutosha. Sina elimu ya figo na sitajifanya daktari. Lakini benchi lile nalijua, najua hata lile fundo la ubao linalochoma paja la kushoto. Na najua jinsi familia inavyoweza kunyimwa msaada kwa sababu ya kitu isichokuwa nacho.

Hospitalini Kakamega tulifika saa mbili asubuhi tukaonwa saa tisa. Mtu mmoja akiingia kwa daktari, benchi zima linasogea nafasi moja, kwa makalio, kama watu wanaopiga deki. Mume wangu Ingosi alikuwa amesimama karibu nami kwa sababu wanaume walisimama, na kila nikisogea naye alipiga hatua moja.  Mbele yetu palikuwa na mama mwenye mtoto aliyekohoa tangu tulipofika, na tulipoondoka nilishangaa kuona masikio yangu bado yanamsubiri akohoe.

Wakanilaza. Vitanda vilikuwa vichache kuliko wagonjwa, kwa hiyo nikalala mzungu wa nne na mwanamke kutoka Mumias aliyeitwa Mama Saida, kichwa changu kwenye miguu yake na chake kwenye yangu. Yeye alikuwa mgonjwa wa moyo. Asubuhi ya kwanza aliamka, akaniambia "Salaam aleikum" akiwa ameshika kifundo changu cha mguu, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, akakibonyeza kwa kidole gumba. Shimo likabaki.

"Hesabu," akaniambia. "Shimo likijaa haraka, unapata nafuu. Likikaa, Mungu bado anakufikiria."

Tulihesabu mpaka arobaini. Tukacheka wote wawili, yeye akashika kifua.

Siku ya tatu nikatolewa maji kwa mara ya kwanza. Daktari kijana alinichoma ubavuni kwa sindano nene, akaunganisha mpira, maji yakaanza kushuka kwenye ndoo. Yalikuwa rangi ya chai iliyotiwa majani machache. Niliyatazama yakipanda ndoo ile na sikuamini kwamba nilikuwa natembea nayo, napalilia nayo, naimba nayo kanisani. Yalipoisha nilikuwa mwepesi hata nikaogopa kusimama.

"Figo zako zinavuja," daktari akasema. "Utakunywa tembe hizi miezi mingi. Usiruke hata siku moja. Na usiziache ghafla, mwili utaanguka."

"Miezi mingapi, Daktari?"

"Mpaka nikuambie."

Miaka ile ya tisini tulikuwa tumeanza kuambiwa tuchangie gharama za matibabu. Kitanda kilikuwa na bei yake, sindano bei yake, tembe bei yake. Tuliuza ingokho, kuku wetu wote, hata jogoo, tukauza na baiskeli. Kufikia wakati wa kuvuna mahindi tembe zilikuwa zimekula kila kitu kilichoweza kubebwa sokoni.

Tembe zenyewe zilinigeuza. Uso ulivimba ukawa mviringo kama sahani, mashavu yakang'aa, nywele laini zikaota juu ya mdomo. Na njaa! Nilikula obusuma, ugali wetu, kama mwanamume aliyetoka kulima, na mama mkwe alinihesabia matonge kwa macho. Sokoni wanawake waliniambia nimependeza, kwamba Ingosi ananitunza. Nilitamani kuwatukana.

Ni muuguzi mmoja, mama mfupi asiyecheka, aliyeniambia kuna msamaha. Alininong'oneza akinipima presha, kana kwamba ananipa habari za wizi.

"Kuna kadi ya watu wasiojiweza. Ukipata hiyo, dawa na kitanda na kutolewa maji ni bure, wewe na watoto wako. Enda ule mlango wa kijani, soma."

Nikaenda, nikasoma. Karatasi ilikuwa imepigwa chapa na kubandikwa mlangoni. Katika nyumba ya mwombaji kusiwe na mtu wa mshahara. Kusiwe na biashara. Kusiwe na mifugo ya kuuza. Awe na barua ya mzee wa kijiji, yule sisi tunayemwita liguru, yenye mhuri wa naibu wa chifu. Kisha afisa amtembelee nyumbani kuhakikisha. Niliisoma mara nyingi hata nikawa naweza kuisema kwa kichwa kama sala. Nilifurahi. Hebu fikiria, mtu anafurahi kwamba hana kitu! Lakini ndivyo nilivyorudi kijijini kwetu Malinya siku hiyo, nikiwa nimeshiba ufukara wetu, nikiamini umenitosha kuniponya.

Liguru wetu, Mzee Shivachi, akaandika barua. Naibu wa chifu akagonga mhuri. Afisa akaja baada ya majuma matatu.

Aliitwa Bwana Mutua, mtu wa kutoka upande wa Machakos, mpole, mwenye viatu vilivyokuwa safi kabla ya njia yetu. Asubuhi ile nilimwambia mume wangu, "Leo jibu kwa ufupi." Aliitikia. Lakini Ingosi hajawahi kujibu kwa ufupi maishani mwake.

Bwana Mutua alikaa kwenye kiti chetu kimoja, akafungua faili.

"Unafanya kazi gani, Mzee?"

"Nachimba dhahabu."

Kalamu ikasimama. "Dhahabu?"

"Dhahabu kabisa. Huku kwetu iko tu hapo chini."

Ningalikuwa na nguvu ningalimkanyaga mguu. Ukweli ni kwamba alikuwa akishinda kwenye shimo la matope yaliyomfika magotini, majuma mawili, matatu, na akitoka na chembe ndogo kuliko punje ya wimbi tulimshukuru Mungu. Mara nyingi alitoka na kikohozi tu. Lakini hayo mwanamume hamwambii mgeni aliyevaa tai.

Kisha, kama aliyeitwa, fahali wetu wa bandani, ambaye sikuwahi kumhesabu kuwa mfugo wa kuuza, akanguruma.

Bwana Mutua akageuza shingo. "Yule ng'ombe ni wa nani?"

Kwa swali lile alikuwa ametufungulia mlango wa kutokea. Angeweza kuambiwa lolote. Mume wangu akacheka.

"Ng'ombe? Wewe si mtu wa huku. Huyo si ng'ombe, huyo ni Tingatinga! Uliza Malinya yote, uliza mpaka Khayega. Hajawahi geuza mkia."

"Ni wako?"

"Ya nani tena? Mimi nalalanga njaa ndiyo yeye akule."

Bwana Mutua akaandika kwa muda mrefu. Kisha akaangalia pande zote, macho yakanipita, yakarudi. Aliona mashavu yangu.

"Na mgonjwa ni yupi?"

"Ni mimi," nikasema.

Kwa asiye mtu wa kwetu nieleze. Fahali wa kupigana hafanyi kazi yoyote. Halimi, havuti mkokoteni. Analishwa majani yaliyochaguliwa, anasuguliwa, anaimbiwa. Jumamosi akishinda, wanaume wanakata matawi, ngoma za isukuti zinalia, na jina la mwenyewe linaimbwa kutoka uwanjani mpaka mlangoni kwake. Ingosi alikuwa mtoto wa mwisho kwa baba yake, shamba alilopata ni kipande cha kutandikia mkeka. Bila fahali alikuwa mchimba mashimo. Akiwa na fahali alikuwa Ingosi wa Tingatinga, na matangani alipewa kiti. Hilo nililijua vizuri, na sitadanganya, nilikipenda kile kiti.

Jibu lilikuja kwenye karatasi ya manjano. Maneno matatu: *Familia ina uwezo.*

Nikamwambia mume wangu, auzwe.

"Nani?"

"Unamjua. Auzwe. Akiuzwa napata tembe za mwaka mzima."

 Nilimwambia tena kesho yake, na kesho kutwa. Alikuwa anatazama chini na kusema haiwezekani. Sababu hakunipa. Mama mkwe naye akaniambia fahali wa kupigana haondolewi nyumbani hivihivi kama mbuzi, nikamwambia basi mimi nitaondolewa, na ndani ya sanduku. Hatukusemezana siku nne. Katika nyumba ya vyumba viwili, siku nne ni nyingi.

Nikaanza kugawa tembe. Nusu, kisha robo. Kisha zikaisha, jambo ambalo daktari alinikataza, na wewe unayesoma nakukataza pia. Maji yakarudi kwa fujo. Sikuweza kulala chali, nilikaa nimeegemea gunia la magunzi mchana kutwa nikihema. Ngozi ya miguu ilinyooka ikang'aa, kisha ikapasuka, maji yakawa yanachuruzika kwenye mkeka na Doris anayapangusa na kitambaa. Mama mkwe, hata tukiwa tumenuniana, alinifunga uzi wa katani kifundoni kila Jumapili kunipima. Kila Jumapili uzi ulihitaji kuongezwa. Alikuwa anaficha kile kipande alichoongeza ndani ya kiganja, akidhani sioni.

Niliomba kufa. Nasema wazi kwa sababu najua kuna anayesoma akiwa ameomba vilevile jana, na anaona haya. Niliomba nife upesi, kabla Doris hajazoea ile harufu.

Mchana mmoja, jua kali, Ingosi akiwa shimoni na mama mkwe kisimani, nilichukua panga. Sikutembea, nilijikokota kwa makalio kama kwenye benchi la hospitali, kutoka mlangoni mpaka bandani. Tingatinga alikuwa amelala, anacheua. Alinitazama bila hofu yoyote, maana ni mimi niliyemkatia majani miaka sita. Nilitaka kumkata mshipa wa mguu wa nyuma. Fahali asiyesimama ni nyama, na nyama huuzwa siku hiyohiyo. Niliinua panga, mkono ukaniangukia mapajani. Sikuwa na nguvu hata ya uovu. Nikalia pale kwenye mavi ya ng'ombe.

Hapo ndipo Ingosi aliponikuta. Aliona panga, akaelewa, akapiga magoti.

"Mama Doris, usimkate. Si wangu."

Nilidhani ni kiherehere cha mtu mwenye hofu.

"Si wangu," akarudia. "Ni ya Mwalimu Luvembe."

Mwalimu Luvembe nilimjua vizuri sana. Alizaliwa kijiji hiki, akafundisha, akastaafu, akanunua shamba la mahindi kule Lugari na kuhamia huko. Alikuwa mzee wa kanisa, na kanisa lake lilihesabu mapigano ya mafahali kuwa dhambi, pamoja na pombe ya busaa. Kila mara alikuja Jumamosi, eti kuangalia kaburi la ndugu yake, na kila mara nilimpikia chai. Kumbe alikuja kumwangalia fahali wake akipigana. Alimnunua akiwa ndama, akampa Ingosi amfuge. Yeye angepata furaha akiwa amesimama nyuma ya umati na kofia machoni, Ingosi angepata jina. Walipeana mikono, wakanyamaza miaka sita.

"Na mimi ulinificha kwa nini?"

"Ningekwambia, ungeona nini ukiniangalia?"

 Nilikuwa na hasira tu, kubwa kuliko tumbo langu. Nilikata majani miaka sita kwa ajili ya fahali wa mtu mwingine, nikamnyima mtoto wangu maziwa ya ng'ombe wa kawaida ambaye tungeweza kumfuga pale bandani. Na sasa nilikuwa nakufa kwa mali ya Luvembe.

"Enda Lugari," nikamwambia. "Akuandikie barua kwamba ni wake. Tupeleke kwa Bwana Mutua."

Alikwenda. Alipanda lori la mahindi, akarudi kesho yake jioni, uso umeparama.

"Amesema yeye hana fahali. Amesema mzee wa kanisa hawezi kuwa na fahali ya kupigana, nisimletee maneno kwa boma."

Moyo wangu uliruka. "Basi amemkana! Muuze kesho."

Ingosi akatikisa kichwa. "Kukana kwake haifanyi iwe yangu."

Nilimchukia. Leo nikisimulia watu husifu uaminifu wake, na mimi husifu nao. Siku ile niliona mwanamume mjinga, anayemwibia mke wake uhai ili asimwibie mwongo ng'ombe. Nilimwambia hivyo, na mabaya zaidi, na mama yake akisikia.

Mama yake ndiye aliyemwita liguru. Mzee Shivachi alikuja akakaa mlangoni, akasikiliza yote, akavuta pumzi.

"Barua ya kwanza sikutaja ng'ombe. Sasa mimi siwezi kuandika ati Ingosi hana ng'ombe, na ng'ombe inaniangalia hivi. Kila mtu ameona akicheza mbele yake. Watasema nimekula kitu." Akamgeukia mume wangu. "Lakini hii boma ikikuwa haina ng'ombe, naandika saa hiyohiyo. Kalatasi iko kwa mfuko."

Ingosi alimwelewa. Nilimwona akielewa.

Ilikuwa Ijumaa alipomfungua. Kesho yake Tingatinga alikuwa apambane na fahali wa Khayega, pambano lililosubiriwa tangu mavuno. Ingosi angeweza kungoja siku moja tu, apate ushindi wa mwisho. Aliniangalia nilivyokuwa nahema kwenye gunia, akachukua kamba. Kwa kawaida fahali huyu hakutoka boma bila ngoma. Siku hiyo alitoka kimya, akapita mbele yangu, mkia ukanigusa goti. Mama mkwe alilia kuliko alivyonililia mimi, nami nikamsamehe, maana mimi nilikuwa bado sijaondoka.

Kutoka kwetu mpaka Lugari kwa miguu, na fahali, ni siku mbili. Njia nzima watu waliuliza swali moja. Unamkimbiza? Umeogopa watu wa Khayega? Huko kwetu hilo ni tusi ambalo mjukuu wako ataulizwa. Hakumjibu mtu. Hakulitaja jina la Luvembe hata mara moja, na hajalitaja kwa watu mpaka leo. Mimi nimelibadilisha hapa.

Alimfunga kwenye lango la Mwalimu, Jumapili, Mwalimu akiwa kanisani. Mke wake akatoka, akamtazama fahali, akamtazama Ingosi.

"Nilikuwa najua," akasema. "Yeye anarudinga Jumamosi na mavi ya ng'ombe kwa viatu, ati kaburini." Kisha akauliza mgonjwa anaendeleaje. Ingosi alirudi na unga wa mahindi nusu gunia mgongoni. Tuliula mwezi mzima.

Bwana Mutua alipokuja mara ya pili mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Bandani kulikuwa na kamba tupu.

"Ng'ombe?"

"Hakuna."

"Na dhahabu?"

Ingosi aliingia ndani akaleta kopo la tumbaku analowekea chembe. Akalifungua, akaligeuza juu ya faili. Hapakudondoka kitu. Bwana Mutua alilitazama lile kopo, kisha akavua miwani, akachuchumaa mbele yangu na kunibonyeza mguu kwa kidole gumba, kama Mama Saida. Hakuna aliyemfundisha. Tuliangalia lile shimo sote wanne, pamoja na mama mkwe, na lilikaa.

Akaandika. Nilitolewa maji mara ya pili juma lile, na mara ya tatu kabla ya Krismasi. Tembe nilimeza mwaka mmoja na miezi, bila kuruka, mpaka daktari aliponiambia. Mama Saida nilimtafuta kila nilipolazwa, nikaambiwa alikwenda nyumbani. Sikuuliza kwa njia gani alikwenda. Jumapili moja, mahindi mapya yakiwa magotini tena, mama mkwe alifunga uzi kifundoni ukazidi, ukaning'inia. Alikikata kile kipande cha ziada akanipa mkononi, safari hii bila kuficha. Ninacho.

Wewe uliye kwenye benchi, kabla afisa hajafika kwako, kaa na watu wa nyumba yako muulizane kila kilichomo bomani ni cha nani. Ulizaneni hata kama mna miaka kumi ya ndoa. Fomu haijui kitu kilichoazimwa. Na kama dawa imefanya uso wako unenepe, mwambie afisa mapema, asije akakupongeza.

Ila kilichoniponya hakikuwa kadi peke yake, na ndiyo maana namalizia na siku tuliyoichukua. Kadi mpya ilitolewa kwenye dirisha la dawa, na ilikuwa lazima mwenye nyumba aipokee mwenyewe na kutia sahihi. Ilikuwa Jumatatu. Mabenchi yalijaa, na nusu ya watu walikuwa wa kutoka kwetu. Niliwaona wanaume wawili wa uwanjani wakitugundua, wakigongana viwiko. Habari ya kwamba Ingosi alimtorosha fahali siku moja kabla ya pambano ilikuwa imefika kila mahali.

Karani alitoa kichwa dirishani. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na sauti kubwa tu.

"Familia isiyojiweza! Ingosi wa Malinya!"

 Mtu nyuma yetu akasema, bila kunong'ona sana, "Si ndiye yule wa Tingatinga?" Mwingine akacheka.

Mume wangu hakuinuka. Nilikuwa nimeegemea bega lake, nikalisikia limekuwa gumu. Sikumsukuma. Nilikuwa nimeshamwomba kila kitu, na hili sikuwa na haki ya kuliomba.

"Familia isiyojiweza, Ingosi!" Karani akasubiri kidogo, kisha akaanza kuirudisha kadi chini ya nyingine.

Ingosi akasimama. Akainua mkono wa kulia juu kabisa, ule ule aliokuwa akiinulia fimbo uwanjani, na akatumia sauti ile ile.

"Ni mimi! Ingosi ni mimi. Sina ng'ombe, sina kitu, sijiwezi. Lete dawa ya mke wangu."